Haragwe Ndani ya Kiazi

Nthoki alipouma kile kiazi alijua hapo hapo kwamba hakikutoka mikononi mwake. Kilikuwa na dania. Yeye hakutia dania kwenye viazi vyake hata siku moja, kwa sababu mwanawe mdogo, Ndete, angeichambua jani moja moja na kuiweka ukingoni mwa sahani hadi chakula kipoe.

Ilikuwa Jumatano jioni, nyumbani kwao Mbotela. Alimwuliza binti yake mkubwa, Koki, kama aliongeza kitu alipokuwa akivipasha moto. Koki akasema hakuongeza chochote. Alipewa mkebe mlangoni kwa Mama Mureithi kama kawaida, akavitia viazi kwenye sufuria, akafunika. Kisha akakitazama kiazi chake mwenyewe na kukisukuma mbali.

"Hii si yako, mathe," akasema.

Nthoki alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alitoka asubuhi watoto wakiwa wamelala na kurudi jioni miguu ikimwaka moto. Mumewe, Mutie, alikuwa dereva wa lori la Malaba, na wiki nyingi walionana Jumapili tu. Ndiyo maana kila Jumapili baada ya kanisa alipika viazi vya wiki nzima. Alichagua vile vikubwa visivyo na macho mengi, akavisugua kwa brashi, akavitoboatoboa kwa uma na kuvipaka mafuta na chumvi. Hakuwa na oveni. Alitia mchanga kwenye sufuria kubwa, akapanga viazi juu yake, akaweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko. Vikiiva alivikata kichwa na kuvikomba kwa kijiko, akiacha ukuta wa kutosha visije vikabomoka. Alichokikomba alikiponda kwa maziwa na siagi, akakichanganya na nyama ya kusaga iliyokaangwa na karoti na hoho, kisha akakirudisha ndani hadi kikafura juu. Aliviacha vipoe kabisa, maana kiazi kikigandishwa na moto wake hugeuka uji. Mwisho alikizungushia kila kimoja karatasi ya foili, akaisokota ncha mbili kama peremende, na kuvipanga kwenye mikebe mitupu ya aiskrimu.

Friza haikuwa yake. Ilikuwa ya Waringa, mama wa makamo aliyekaa ng'ambo ya ua na ambaye watu walimwita Mama Mureithi, ingawa huyo Mureithi alikuwa mtu mzima anayeishi Nakuru. Waringa aliinunua zamani alipokuwa akiuza kuku. Siku hizi aliuza mandazi asubuhi getini, na friza ilikuwa na nafasi tele. Aliishi na mumewe, Mzee Mbuthia, aliyekuwa fundi wa masanduku ya bati Gikomba mpaka alipostaafu.

Usiku huo watoto walikula mkate na chai. Kesho yake jioni Nthoki alivuka ua akaomba mikebe yote iliyobaki, akisingizia kwamba Mutie anarudi na wageni. Waringa alikawia kidogo ndani, kisha akaileta na kuipitishia kwenye upenyo wa mlango. Nthoki alipofika kwake aliimwaga yote mezani. Baadhi ya viazi vilikuwa na ncha zilizosokotwa. Vingine foili yake ilikuwa imekunjwa bapa na kubanwa kwa kucha, kama mtu anayefunga zawadi. Hakuna hata kimoja kilichopungua.

Hilo ndilo lililomtia baridi. Mwizi angechukua akaenda zake. Huyu alichukua, kisha akarudisha. Mtu anayerudisha anataka ule.

Alivitupa vyote. Akaanza kukumbuka mambo ambayo hakuwa ameyatilia maanani. Mwezi uliopita Waringa alimwuliza anatia maziwa kiasi gani, na kama nyama anaikaanga na nyanya au bila nyanya. Wakati ule Nthoki alijisikia vizuri kuulizwa. Pia ilikuwa zamani sana tangu Koki aruhusiwe kuingia mle ndani. Mikebe ilipokelewa mlangoni na kutolewa mlangoni. Naye Mzee Mbuthia, ambaye zamani alikaa nje kwenye kistuli akisalimia kila apitaye, alikuwa haonekani tena. Pazia la dirisha lao lilishinda limefungwa. Ukimwuliza Waringa, alisema mzee amepumzika.

Jumamosi Nthoki alikuwa akianika nguo pamoja na Amolo, jirani aliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu. Alimsimulia yote. Amolo aliacha shuka mkononi ikidondosha maji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri awaangalie sana watoto. Chakula cha mtu kikiingia kwako kisirisiri, alisema, huna haja ya kuuliza kimewekwa nini; usikile, basi. Nthoki akasema kwa sauti ambayo hakujishughulisha kuipunguza kwamba hakuna kitu kitakachotoka katika mkono wa mwanamke yule kikapita midomoni mwa wanawe. Na ni yeye, wala si Amolo, aliyeuliza nani aliwahi kumwona mzee akila siku hizi.

Maneno hayo yalitembea upesi. Jumapili asubuhi Nthoki akienda kanisani alimwona Waringa ameketi getini na beseni lake limejaa hadi juu, na watu wakimpita wakitazama simu zao. Kuna kitu kilimchoma, lakini akajiambia heri beseni la mandazi lilale kuliko watoto wake.

Mchana huo alipika viazi kama desturi, na safari hii aliweka mtego. Chini kabisa ya kila kiazi, kabla ya kurudisha kile cha kuponda, alitia punje moja ya haragwe lililochemshwa. Akavifunga, akavipeleka, akamshukuru Waringa kama kawaida. Watoto aliwanunulia chapati na ndengu.

Jumatatu jioni Koki alileta mkebe wa siku hiyo. Foili zote zilikuwa zimesokotwa kama peremende, sawa kabisa na zake. Nthoki akavichimba viazi kimoja kimoja kwa kijiko. Hakukuwa na haragwe. Wala hakukuwa na dania. Karoti ilikuwa imekatwa ndogo kama anavyoikata yeye, na hoho vilevile. Alisimama pale jikoni akivitazama, akaona kwamba huyo anayemwiga amekwisha kujifunza, na kwamba pasingekuwa na lile haragwe angewapa wanawe wale bila kujua.

Jumanne mashine ya kiwandani iliharibika na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Nthoki hakupitia kwake. Alivuka ua, akausukuma mlango wa Waringa bila hodi, akiwa na maneno yake tayari mdomoni.

Mzee Mbuthia alikuwa kitini. Koti lake lilimning'inia kama la mtu mwingine, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mbele yake palikuwa na sahani yenye kiazi kilichopasuliwa, na ukingoni mwa sahani, peke yake, punje ya haragwe. Waringa alikuwa amepiga magoti kando yake na kijiko mkononi. Alionja kidogo yeye mwenyewe, akameza, akafungua kinywa chake kumwonyesha kwamba amemeza, kisha akamsogezea mzee kijiko. Mzee alibana midomo.

Alipomwona Nthoki mlangoni, alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama Koki," akasema. "Na wewe pia?"

Nthoki hakuelewa aliulizwa nini, lakini yale maneno aliyokuja nayo yalimpotea. Waringa aliinuka, akamshika mkono akamtoa nje na kuurudisha mlango.

Walisimama karibu na kamba za nguo, na hapo Waringa akamweleza. Mzee alianza kusahausahau wakati wa mvua za mwaka jana. Kwanza jina la mwanawe, baadaye njia ya kurudi kutoka dukani. Kisha akaanza kunusa chai yake. Akasema ina kitu. Akasema mkewe anataka kumwua. Kliniki walimpa vidonge, naye alivikataa kwa kuwa ni Waringa aliyevishika. Akawa anakonda huku sufuria zikirudi jikoni kama zilivyotoka. Siku moja alimwona mkewe akipanga mikebe kwenye friza, akauliza ni ya nani. Alipoambiwa ni ya Mama Koki, akasema, basi nipe hicho. Alikila chote na ganda lake. Tangu siku hiyo alikubali kula hicho tu, mradi aione foili ikifunguliwa mbele yake.

Nthoki akamwuliza kwa nini hakumwambia.

"Ningekuambia nini?" Waringa akasema. "Kwamba mume wangu anaiogopa sahani yangu? Ningeanzia wapi?"

Alijaribu kupika vya kwake akavifunga kwa foili, lakini mzee aliona mikunjo si ile, akavikataa, naye akaogopa kumjaribu tena. Ndipo akaanza kubadilisha. Mzee alikula vya Nthoki na watoto wa Nthoki wakala vya Waringa. Nyama ilikuwa nzuri, aliapa, na siagi hakuibania. Hakuwapa watoto kitu ambacho yeye mwenyewe hali.

"Jumamosi alikusikieni," akaongeza, akionyesha kwa kidevu dirisha lililokuwa juu ya kamba. Lilikuwa na pazia, lakini kioo chake kimoja kilikuwa kimevunjika siku nyingi. "Wewe na Amolo. Jioni akaniambia hata majirani wanajua. Bado akakubali kula chako Jumapili usiku, akaishia juujuu. Jana akakuta haragwe. Tangu hapo hajala. Anakunywa maji anayochota mwenyewe." Akamgeukia Nthoki. "Lilikuwa la nini, Mama Koki?"

Nthoki angeweza kusema lilidondoka kwa bahati mbaya.

"Lilikuwa la kukushika," akasema.

Waringa aliitikia kwa kichwa, akajifunga leso upya kiunoni na kurudi ndani.

Nthoki alikwenda kwake akatoa jiko, akatoa sufuria na ule mchanga, akavipanga kwenye baraza ya Waringa, palipo wazi kabisa. Aliomba mzee aletwe nje na kistuli chake. Waringa alimwongoza mpaka pale, kisha mwenyewe akaenda kuketi mbali karibu na bomba, kama alivyoombwa. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Mzee alitaka kuona kila kitu. Aliinusa nyama. Alitaka pakiti ya maziwa ifunguliwe mbele yake, na chumvi akaiweka ulimini kwanza. Jirani waliopita walipunguza mwendo. Nthoki alikuwa na aibu, na aibu hiyo ilimfanya asahau hata jinsi ya kukomba, akabomoa viazi kadhaa.

Kiazi cha kwanza kilipokuwa tayari alikigawa nusu, akala yake. Mzee alingoja mpaka alipomeza.

"Lile haragwe," mzee akasema.

"Lilikuwa kosa langu, Mzee. Haragwe halikuwa lako."

Alifikiri. Kisha akala, polepole, akitafuna kila tonge kama anayehesabu miiba ya samaki.

Jioni hiyo hiyo Nthoki alimwendea Amolo akamwambia kwamba alikosea na kwamba mzee ni mgonjwa. Amolo alisikitika, lakini akasema hata hivyo mtu hubisha hodi akaomba, habadilishii wenzake chakula. Nthoki alirudia habari hiyo kwa kila aliyekutana naye bombani, na aliona baadhi ya watu wakimwitikia huku macho yao yakisema wanayo yao. Wengine walirudi kununua mandazi. Amolo hakurudi.

Kupika mbele ya mzee kila siku hakukuwezekana, kwa sababu mashine ilitengenezwa na Nthoki akaitwa kazini. Waringa ndiye aliyekuja na shauri. Angepika yeye, nyumbani kwa Nthoki, mlango ukiwa umefungwa, kisha Nthoki avipeleke jioni kama vyake. Nthoki hakupenda. Alisema wangojee kidogo, mzee akizoea ladha, wamweleze ni mkono wa mkewe.

"Usimweleze," Waringa akasema. "Mwambie ni vyako. Mimi nataka ale. Sitaki kusifiwa."

Jumamosi iliyofuata Waringa alishinda katika jiko la Nthoki. Alivitoboa viazi kwa uma, akavioka, akavikomba, akavijaza. Vilipokuwa tayari alipasua kimoja, akampa Nthoki nusu. Nthoki alikishika mkononi, akakitazama ndani, kitambo kidogo tu, lakini kilikuwa kirefu kuliko ilivyopasa. Waringa alimwona. Nthoki akala chote, na ganda.

Walivuka ua pamoja. Mzee Mbuthia alikuwa amekaa mlangoni. Nthoki alifungua foili mbele yake, akamega, akaonja, akampa. Alikula mpaka akapangusa sahani kwa kidole.

"Wewe unajua kupika," akamwambia Nthoki, kisha akamwonyesha mkewe kwa kichwa. "Mfundishe na huyu."

"Ninajifunza," Waringa akasema.

Mzee akanyoosha sahani, akaomba kingine. Waringa aliipokea, akaingia ndani, akaweka kiazi kikiwa bado na foili yake. Aliporudi mlangoni alisimama, akamkabidhi Nthoki ile sahani ili aipeleke yeye.