Amplifaya ya Wako

Wako alifika Kulesa na punda wa kuazima, na juu ya punda amefunga ile amplifaya. Job, aliyekuwa barazani akitengeneza redio ya jirani, aliitambua kabla haijashushwa. Hakuwa ameiona tangu ujana wao.

Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo za mitambo ya zamani, ya Kiingereza, nzito kama ndama. Wako aliinunua baada ya kuuza fahali wa baba yake bila ruhusa, na mzee alimlaani mbele ya watu: Muorma mzima kuuza fahali anunue sanduku la kelele! Lakini kwa sanduku hilo Job alipiga gita kwenye harusi zote za mtoni, toka Garsen hadi Hola. Wako hakujua kupiga chombo chochote. Yeye alilibeba, akaliwasha, akasimama kando yake usiku kucha mtu asilimwagie pombe. Bendi ilipovunjika, Job alirudi kwenye shamba na redio mbovu za watu, Wako kwenye ng'ombe wake Minjila.

Sasa mafuriko ya El Nino yalikuwa yamepita. Shamba la Job lilibaki mchanga mtupu. Wako alipoteza zaidi, kwa kuwa ng'ombe walionusurika maji walikufa kwa homa, mmoja baada ya mwingine, huku akiwatazama.

"Inaweza kupona?" Wako aliuliza.

Job alifungua mgongo wa amplifaya. Matope yamekauka ndani, panya wametafuna spika, kutu imekula nyaya. Lakini valvu zilikuwa nzima, na transfoma alipoipima haikuwa imeungua.

"Itapona," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Ikipona tunaanza tena, Wako. Gita langu lipo. Hawa watoto wa siku hizi hawajasikia kitu."

Wako aliutazama mto. "Tengeneza kwanza."

Job akatengeneza. Alikwangua kutu kwa wembe, akaibandika spika kwa karatasi na gundi, akalehemu nyaya upya. Kapasita hazikupatikana Garsen, kwa hiyo aliuza mbuzi akaenda kuzitafuta Mombasa kwa mafundi wa zamani. Mkewe Asenath alimwonya.

"Baba Tamar, tunakula ugali wa msaada, na wewe unauza mbuzi kwa ajili ya mali ya mtu?"

"Si mali ya mtu. Ni ya Wako."

"Wako si mtu?"

Job alicheka tu.

Kulesa hakukuwa na umeme, kwa hiyo waliipeleka Garsen, kwenye kinu cha unga chenye jenereta. Valvu ziliwaka taratibu, nyekundu kama makaa yaliyopulizwa. Job akazikwaruza nyuzi za gita mara moja, kisha akaanza wimbo wao wa kufungulia harusi. Vidole vilikuwa vizito, akakosea, akarudia, halafu vikakumbuka. Wanawake waliokuja kusaga wakaweka madebe chini. Wako alikuwa analia waziwazi. Job aliona machozi yale akadhani ni furaha.

Mtu mmoja mwenye viatu safi akapiga makofi. Aliitwa Sadik, na kazi yake ilikuwa kununulia hoteli za Malindi vitu vya kale.

"Wako," Job aliuliza, "nani huyu?"

"Mnunuzi. Mimi nilimwita."

"Tulisema tunaanza tena."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilinyamaza." Wako hakumtazama. "Sina ng'ombe, Job. Wanangu wananipita nyumbani kama wanapita kisiki. Nataka mtamba, hata mmoja."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungeitengeneza?"

Sadik alikuwa ameinama, akiligonga sanduku kwa vidole.

"Mbao nzuri hii. Kule watatoa matumbo yote, waweke rafu za chupa. Lakini wazee wangu, kwa nini mmejisumbua? Hata ingekuwa mbovu ningeichukua kwa bei ileile."

Wako aliinua kichwa ghafla. "Matumbo yanatolewa?"

"Ya kazi gani kwenye baa ya hoteli?" Sadik alisema.

Job alimwomba mwenye kinu azime jenereta. Kisha akachukua bisibisi. "Nitayatoa mwenyewe," alisema. Valvu zilikuwa bado za moto, zikamchoma vidole, wala hakuzingoja zipoe. Alivua shati akavifunga vyote ndani yake, valvu, transfoma na nyaya alizozilehemu mwenyewe.

"Ndugu yangu," Wako alisema, "hili la matumbo sikulijua. Wallahi."

"Lile jingine ulilijua."

Sadik alipolipa, Wako alimnyooshea Job fungu lake la pesa. Job aliuacha mkono wa mwenzake hewani, akaondoka kifua wazi kuelekea Kulesa. Asenath aliposikia kwamba amekataa pesa na mbuzi hayupo, hakupiga kelele. Aliacha tu kumwita Baba Tamar.

Wako alipata mtamba wake. Walipokutana sokoni Garsen walisalimiana kama watu wa foleni moja, "Habari," "Nzuri," kila mmoja akashika njia yake.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita Kulesa, Job alikuwa shambani. Asenath alilifungua lile furushi la shati, akamuuzia transfoma na nyaya zote za shaba. Jioni kulikuwa na samaki na wali. Job aliliona shati lake limefuliwa, limeanikwa kambani. Akanawa mikono, akala.