Funika Kiti, Niache Mimi

Tone la kwanza liliniangukia puani, na mimi badala ya kufuta pua nikafunika kijiti kwa kiganja. Ndivyo nilivyo siku hizi. Kiti changu cha magurudumu cha umeme kinaendeshwa kwa kijiti kifupi kilicho kwenye mkono wa kulia, na chini ya kijiti kuna kisanduku cheusi chenye akili yote ya kile kiti. Kisanduku kikiingia maji, kiti kinakufa. Mwaka jana kilikufa. Nilikaa chumbani miezi minne nikitazamana na kabati, mume wangu akinibeba kwenda chooni na kurudi mpaka mgongo ukamgomea. Fundi aliyekifufua alinikazia macho akasema, "Mama, kikilowa tena usinipigie simu. Kisanduku kingine sina."

Halafu mimi, fundi cherehani mzima, niliyekishonea kisanduku hicho kifuniko kizuri chenye lastiki, nimekiacha kifuniko dukani! Nilikivua asubuhi nikibadilishe lastiki, wateja wakanizonga, nikasahau. Sasa nilikuwa katikati ya barabara ndefu inayofuata ukuta wa kiwanda, hakuna kibaraza wala pa kujibanza. Nyuma mbali, mbele mbali.

Nikavua koti, nikalifunika juu ya kisanduku, nikawa naendesha kwa mkono uliojificha chini yake. Koti lenyewe la kitambaa, linakunywa maji. Nikaongeza mwendo, na mvua nayo ikaongeza. Moyo ulinienda mbio kuliko magurudumu.

"Dada! Dada, ngoja!"

Mwanamume nisiyemjua alinikimbilia na mwavuli, akanifunika kichwa. "Utapata homa, dada yangu."

Alikuwa na roho nzuri, sibishi. Lakini mwavuli ulikuwa mdogo, na maji yote yaliyonikosa mimi yakajikusanya kwenye ncha moja na kumwagika pale pale penye kisanduku.

"Kaka, sogeza mwavuli."

"Usijali, mimi nimezoea kulowa."

"Siyo wewe! Huku, kwenye mkono wa kiti!"

Akauinamisha, maji yakazidi. Nikachungulia chini ya koti. Taa ya kisanduku ilikuwa imeanza kupepesa.

"Niondolee huo mwavuli wako!" nilipayuka. "Unanimaliza!"

Akarudi nyuma, uso umemshuka. Akageuka, akaenda zake.

Kiti kikaruka kidogo, kikasimama, kikaruka tena. Nikazima swichi haraka, na hapo ndipo akili ikanirudia. Kiti kikizimwa magurudumu yanajifunga, na vile vyuma viwili vya kuyafungulia viko nyuma ya mgongo wangu, mkono haufiki. Mtu pekee aliyekuwa barabarani nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliogopa, wala si kidogo. Nililiona lile kabati.

"Kaka! Samahani, kaka, rudi!"

Alirudi, lakini hakuharakisha.

"Sikuwa nakufokea wewe," nikamwambia.

"Barabara nzima tupo wawili, dada. Ulikuwa unamfokea nani?"

Nikamwonyesha kisanduku, nikamweleza upesi upesi, na safari hii akasikiliza.

"Kwa hiyo nifunike kiti, nikuache wewe?"

"Niache mimi. Mimi nakauka."

Akanipa mwavuli, nikaushusha mpaka ukakigusa kisanduku. Yeye akafungua vile vyuma, akaanza kusukuma, mvua yote ikitupiga sisi. Tulipofika penye nyumba za watu, wenyeji walimgombeza kutoka madirishani. "We bwana, mfunike mama wa watu!" Naye anajibu bila kusimama, "Hataki!"

Alinifikisha mpaka nyumbani, akachukua mwavuli wake, akaaga. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo kubwa mikononi. Meno yalikuwa yananigongana. Nikafumba macho nikilisubiri lile taulo.

Halikuja. Nilipofumbua, mume wangu alikuwa amepiga magoti ubavuni, amelitupa koti, anakikausha kisanduku taratibu kama anampangusa mtoto mchanga. Akakunja karatasi ya chooni, akaipenyeza kwenye ufa wa kisanduku, akaitoa, akaitazama kwenye mwanga. Kavu. Akapenyeza nyingine upande wa pili. Kavu pia. Maji yalikuwa yameishia juu, kwenye mpira wa kijiti. Akaukausha na wenyewe, akasubiri, akaukausha tena. Akawasha swichi. Taa ya kijani ikatulia, haipepesi.

"Kimepona," alisema, sauti ikimkatika. "Kimepona, mke wangu."

Maji ya nywele zangu yalikuwa yanadondoka karibu na kisanduku. Akaweka kiganja kuyakinga.

Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini njia nzima nilikuwa nawapigia watu kelele wakikinge kiti waniache mimi, na sasa nimempata anayejua kufanya hivyo bila kuambiwa.

"Na mimi je?" nikamwuliza.

Akainua uso, kiganja chake bado kiko juu ya kisanduku, na ndipo alipoona kwamba nimelowa.