Nafasi ya Spana Namba Kumi

Kwenye ubao wa karakana kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, na wekundu ukionekana, ujue kuna kifaa hakijarudi. Sheria ya kambi ya uokoaji ilikuwa moja: fundi ahesabu ubao kwanza, ndipo atie saini helikopta iruke. Alasiri ile king'ora kililia Lazhari akiwa bado juu ya ngazi, akifunga kifuniko cha mkia wa helikopta. Akatia saini, akijiambia atahesabu baadaye. Miaka ishirini na sita ya ufundi humtia mtu kiburi cha namna hiyo.

Sasa helikopta ilikuwa maili thelathini mashariki ya visiwa vya Kerkena, ikiwaopoa watu ambao boti yao ilipinduka, na yeye ameduwaa mbele ya ubao. Nafasi ya namba kumi ilikuwa nyekundu.

Alipekua mifuko, ndoo, chini ya ngazi. Hakuna kitu. Akakimbilia chumba cha redio.

"Iambie irudi," alimwambia Hedi, mtu wa redio. "Nadhani nimeacha spana mkiani."

"Nadhani? Ami, huna hakika, halafu nimwambie rubani Yusra aache watu majini? Meli iko mbali, mwendo wa saa tatu, na helikopta ya pili unajua mwenyewe, mbovu."

"Ikiingia kwenye giaboksi, hutampata Yusra wa kumwambia. Mwite. Lawama yangu."

Hedi akaita. Sauti ya rubani ilikuja imechoka: wanne amewapandisha, saba bado wako majini. Akaelezwa.

"Ami Lazhari yupo hapo?"

"Nipo, binti yangu."

"Ningekuwa mwanao wa kumzaa mwenyewe, ungeniambia nini?"

"Rudi."

Akarudi. Mapanga ya helikopta yaliposimama tu, Lazhari alifungua kifuniko. Spana ilikuwa mle, upana wa kidole kutoka kwenye meno ya giaboksi. Akaketi sakafuni akashukuru, machozi yakimtoka bila haya.

Mmoja wa wale wanne, mwanamke aliyejifunika blanketi, akamshika mkono wa ovaroli.

"Wewe ndiye fundi? Fanya haraka basi, baba. Mwanangu nimemwambia ashikilie dumu, asiliachie, helikopta inarudi sasa hivi."