Damu ya Siku ya Pili

Maabara nzima inaniita Mama Tarehe. Fomu ikija bila siku homa ilipoanza, nairudisha ilikotoka, hata kama imeandikwa na daktari bingwa. Mbu akishamtia mtu virusi vya ubongo, mwili huchukua siku kadhaa, hata wiki, kutengeneza kingamwili, na kingamwili ndizo tunazozitafuta. Damu ikichukuliwa mapema, kipimo kinasema hakuna kitu, na kumbe mgonjwa anavyo virusi kichwani. Nimewagombeza wauguzi kwa hilo mpaka wakiniona tu wanatafuta kalamu.

Kisha akaletwa kaka yangu, fundi cherehani, ana homa kali na kichwa kinampasuka. Nilimtoa damu mwenyewe, fomu nikaijaza mbio mbio, pale pa tarehe nikapaacha wazi. Mganga hajigangi. Jibu lilipotoka kwamba hana virusi, nilikimbia wodini kumwambia mama. Nilifurahi, sikufichi. Daktari naye akaliamini, akamruhusu kaka aende nyumbani.

Siku ya tisa ya homa alirudishwa hajitambui. Alikuwa ameweweseka siku mbili, mama akadhani ni uchovu tu, kwa sababu mimi nilisema hana. Asubuhi hiyo mwili ukakakamaa na kutikisika. Ndipo nilipomuuliza mama homa ilianza lini hasa. Akahesabu kwa vidole, nami nikaona: nilimpima siku ya pili.

Nilichukua damu nyingine, nikaitoa ile ya kwanza kwenye friji, nikazipima pamoja. Ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili iligeuka manjano ya kukolea: kingamwili zipo, tena nyingi. Nilikaa kwenye stuli nikalia.

Mkuu wa maabara, mtu mpole asiyependa kesi, alifunga mlango. Alinishauri tupeleke jibu la pili peke yake, la kwanza tuliache, maana hakuna aliyeliulizia.

"Virusi hivi havina dawa," alisema. "Ungejua mapema ungefanya nini?"

"Angekuwa kitandani hapa, anaangaliwa. Sio nyumbani kwa neno langu."

Nilichukua kalamu nyekundu. Chini ya jibu la kwanza nikaandika: Damu ilichukuliwa siku ya pili ya homa. Jibu hili halikufaa kutolewa. Nikatia sahihi.

Kaka alifumbua macho baada ya siku nne. Alinijua, akajaribu hata kunitania, lakini mkono wa kulia, ule wa mkasi, haukunyanyuka. Nilimpa mama ile karatasi kabla haijaingia kwenye faili. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kwa hiyo mwanangu ulikuwa hujui," alisema, na niliona anavyotaka niitikie.

"Nilikuwa najua, mama. Ndiyo kazi yangu."

Aliikunja karatasi, akanirudishia bila kunitazama. Kisha akaushika mkono wa kaka, akaanza kuvikunja na kuvikunjua vidole, kimoja kimoja.