Sahani ya Pili

Kila Jumamosi saa sita mchana, sisi tuliosoma pamoja katika shule ya bweni tulikula kwa Félicité, mtaani Bigo. Mama huyo alijifunza mapishi kwa masista Waitalia. Siku ile ya mwaka 2002 mkahawa wake ulijaa kama kawaida: wachimba dhahabu walibishana juu ya mpira, redio iliimba, na Félicité alipita kati ya meza, unga umemfika viwikoni.

Meza yetu ilikuwa na sheria tuliyotoka nayo shuleni: hakuna kuleta shida mezani mpaka doyen, mkubwa wa meza, aweke uma chini. Doyen nilikuwa mimi, na sheria hiyo niliithamini kuliko diploma yangu.

Anaclet, aliyekuwa nyuma yangu madarasa mawili, aliingia akitweta.

"Doyen, niko na neno."

"Kaa. Kula kwanza."

"Ni neno ya haraka."

"Umesahau ulilelewa wapi?"

Akakaa. Félicité akamwekea spageti na mchuzi wa nyanya. Mchimba dhahabu wa meza ya jirani akageuka.

"Doyen, acha mutu aseme. Makaroni haina miguu, haitakimbia."

"Na weye kula yako. Hapa hatuko mu shimo."

Watu wakacheka, nami nikaridhika.

Anaclet alizungusha spageti kwenye uma, akaishusha, akaizungusha tena. Nililiona hilo kuwa utovu wa adabu, na ili kumfunza subira, nikaagiza sahani ya pili.

"Papa, huyu mutu hakuli," Félicité akaninong'oneza.

"Atakula."

Nilipoweka uma chini, ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Sasa sema, ndugu yangu."

"Bibi yangu Immaculée na mutoto wetu wako kule Mudzipela," alisema taratibu, kama anayejibu mtihani. "Vita inakaribia kule. Askari walisema watafunga barabara saa saba. Nilikuja kukuomba gari ya misioni unayoendesha. Weye huwa unapita bila kuulizwa."

Tulikimbilia garini. Tulikuta gogo limelazwa barabarani. Nilionyesha karatasi yenye muhuri, nikasema Kifaransa changu chote cha bweni.

"Mungekuja mbele ya saa saba, mungepita," askari alijibu, bila ukali.

Anaclet akashuka, akafunga kifungo cha shati shingoni.

"Asante kwa chakula, doyen."

Hakuwa akinisuta, ndivyo tulivyofundishwa kuaga. Akateremka kwa miguu kati ya mikaratusi, kando ya barabara. Jioni bunduki zililia upande wa Mudzipela. Tangu siku hiyo sijamwona yeye, wala Immaculée, wala mtoto.

Félicité amefungua tena mkahawa baada ya vita. Siku hizi, kabla sijagusa uma, nauliza kama kuna mwenye neno. Wenzangu huinamia sahani zao, wakingoja nimalize kula.