Bondi, Hisa na Ng'ombe wa Mukonyo Mdogo

Binti wa Munyiva hakuwa amejua hata kufunga kamba za viatu, lakini alikuwa tajiri kuliko wazazi wake. Wao walikuwa wapangaji tu, chumba na sebule, Kitengela. Yeye alikuwa na ng'ombe Kimana. Alipozaliwa walimwita Mukonyo, jina la nyanya yake mzaa baba, kama Wakamba wafanyavyo kwa binti wa kwanza, na nyanya akamtolea wajina wake mtamba mmoja. Mtamba huyo alilishwa na jirani Mmaasai, Kisemei. Akazaa, akazaa tena, hata ndama wake wa kwanza naye akazaa.

Sasa nyanya mwenyewe alikuwa kwenye kochi la Munyiva, miguu ameinyoosha, leso magotini. Alikuwa ametoka Kimana, anakolima vitunguu kwenye shamba la kukodi, kwa shauri moja. Nyasi za huko Kajiado zilikuwa zinaisha kwa ukame. Kisemei alitaka jibu kabla ya siku ya soko: awauze ng'ombe wa mtoto wangali na nyama, au wangoje mvua?

"Mimi nataka kuuza," huyo mama mkwe wa Munyiva alisema. "Lakini hiyo pesa ni ya sekondari ya mtoto, haiwezi kulala kwa simu. Wewe ndio uko na masomo ya jioni, mamangu. Si ulisema Krismasi kuna kitu inashinda bondi?"

Kwa kuwa mtoto alibeba jina lake, alimwita Munyiva mamangu, nusu utani, nusu heshima. Leo heshima ilikuwa imezidi, na Munyiva akaiona nzito.

Kweli alisema. Krismasi, akiwa ametoka kufaulu mtihani wake wa kwanza wa uhasibu, alihubiri mezani. Bondi ni kuikopesha serikali ikulipe riba ileile kila nusu mwaka. Mfuko wa hisa unaofuata soko zima ni kumiliki kipande kidogo cha kila kampuni kubwa. Moja ikianguka, nyingine zinakushikilia. Na ukikaa miaka mingi, hisa hushinda. Hivyo ndivyo kitabu cha darasani kilivyosema. Mulwa, mumewe, alipiga makofi.

Lakini kitabu kile kiliandikwa ng'ambo. Tangu mama mkwe apige simu kwamba yuko njiani, Munyiva alikuwa akihesabu kwa takwimu za soko la Nairobi. Akianzia mwaka mmoja, hisa zinashinda. Akianzia ule wakati ambapo nchi nzima ilipanga foleni kununua hisa, bondi inaziacha mbali, miaka kumi na zaidi. Angeweza kuchagua mwaka mzuri, amwonyeshe mama, na mama angeamini kila neno. Hilo ndilo lililomtisha.

"Mama, Krismasi nilikosea," alisema. "Hapa kwetu inategemea umeingia lini. Kuna watu wamengoja hizo hisa miaka kumi na hawajafikia mwenye bondi."

Mama mkwe aliguna. "Kwa hivyo ile siku ulikuwa unatupigia mdomo."

"Nilikuwa naongea kama kitabu."

"Na kitabu haina ng'ombe," Mulwa alidakia akiwa jikoni.

"Wewe nyamaza, ulipiga makofi." Kisha mama mkwe akamgeukia Munyiva. "Basi weka bondi tumalize. Mimi niko na yangu na haijawahi kunidanganya."

"Riba yako ikija unaifanyia nini?"

"Mbegu. Dawa ya vitunguu."

"Na pesa yenyewe?"

"Iko vilevile."

"Vilevile, mama. Lakini bei ya unga haiko vilevile." Munyiva alivuta pumzi. "Nilipohesabu, bondi ilishinda kwa sababu kila riba niliirudisha kazini. Ukila riba yote, ni kama kuchinja kila ndama, halafu unajisifu kwamba ng'ombe hajafa."

Mama mkwe aliikunja leso, akaikunjua.

"Sema unataka nini."

"Pesa ya ng'ombe yote iingie bondi ya miaka mingi. Halafu riba, kila ikija, inunue vipande vya ule mfuko wa hisa. Soko likiwa chini tunapata vingi, likiwa juu tunapata vichache. Hata likianguka, ng'ombe mama bado amesimama. Na mtoto ako na miaka ya kungoja."

"Hiyo riba inaingia kwa simu ya nani?"

"Yangu," Munyiva alisema.

"Na Mulwa asipopata kibarua Athi River, kodi ya nyumba inatoka wapi?"

Jikoni Mulwa alifunika sufuria kwa kishindo.

"Basi mimi siogopi soko," mama mkwe alisema polepole. "Naogopa hiyo simu."

Karo ya Munyiva mwenyewe ya muhula ujao haikuwa imelipwa, na wazo lilikuwa limeshampitia: achukue riba ya kwanza tu, atairudisha. Hakuwa amemwambia mtu.

"Hata mimi naiogopa," alisema. "Nilishawazia kulipia masomo yangu na riba ya kwanza. Kwa hivyo iingie akaunti ya mtoto, sahihi mbili, yako na yangu. Nikiitaka, lazima nikufuate Kimana."

"Na nikiitaka mimi?"

"Lazima unifuate huku."

"Kwa hii vumbi yenu?" Mama mkwe alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Na mimi je?" Mulwa aliuliza.

"Wewe songa ugali."

Mama mkwe alitoa simu, akampigia Kisemei, wakasalimiana kwa Kimaasai, kwa kirefu. Alipomwambia pesa itaingia bondi na hisa, sauti ya Kisemei ilisikika sebule nzima: ng'ombe unamwona kwa macho, mama, hizo karatasi unaziona?

"Wewe uza."

"Wote?"

Mama mkwe alimtazama Munyiva.

"Wote," alisema. "Wengine huniambia mahali nitatajirika. Huyu ameniambia mahali anaogopa."

Munyiva alijikuta amesimama. Mikono ilitaka kazi. Akaokota vikombe, ingawa chai haikuwa imeisha, na hakuna aliyemzuia.