Sanduku Lililokuja na Kompyuta

Kompyuta ile ilitoka Johor, Malaysia, ikiwa mpya kabisa, plastiki yake bado juu ya kioo, lakini tupu haikuwa. Kabla Bu Muslikah hajagusa kitu, ndani mlikuwa na michezo ya karata, duka la nguo, programu ya kuzuia virusi iliyopiga kelele kila baada ya robo saa, na programu moja iitwayo Sanduku. Hilo Sanduku ndilo lililompendeza. Siku ya kwanza alipochomeka simu yake, lilimuuliza kama limtunzie picha zake, naye akabofya ndiyo, maana simu yenyewe ilikuwa imeanza kuzimika ovyo. Miezi miwili baadaye simu ikatumbukia kwenye beseni la kufulia. Akamshukuru Mungu kwamba kitu chake cha maana kilikuwa kimeshahamia kwenye kompyuta.

Kitu chenyewe kilikuwa video ya dakika mbili, ya mumewe Pak Sodikun, siku tatu kabla hajafa.

Walikuwa na watoto wawili wa kiume. Siku moja ya mvua Mahrus, mkubwa, alimpakia mdogo wake Lutfi kwenye pikipiki wakitoka mji wa Babat. Mmoja akarudi nyumbani anachechemea, mwingine akarudishwa amefunikwa. Pak Sodikun alikuwa mwalimu wa Kurani pale mtaani, mtu wa maneno machache, na siku ile pia aliyasema machache, mbele ya waombolezaji wote: Mahrus asishike jeneza la nduguye, na siku yake yeye baba ikifika, asikanyage kaburini kwake. Mahrus akaenda Malaysia kujenga maghorofa, na ndiye baadaye aliyeituma ile kompyuta. Baba alipokufa hakuja kuzika. Watu walisema ana kiburi. Mama yake alijua kwamba ametii.

Lakini Pak Sodikun, akiwa mgonjwa kitandani, alikuwa ameyatengua maneno yale. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, Bu Muslikah anamfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu, mumewe akamwambia achukue simu. Akaiegemeza kwenye birika, akamwinua na kumwegemeza kifuani mwake ili apate pumzi ya kusema. Ndivyo walivyoonekana: mume anaongea, mke nyuma yake, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani. Pak Sodikun alimtaja Mahrus kwa jina, akampa radhi yake, akataka aje kaburini.

Kwa ajili ya nywele zile, Bu Muslikah hakuituma ile video. Tangu avunje ungo hakuna mwanamume wa nje aliyewahi kuziona. Kitu kikishapita hewani, nani anajua kitaishia kwenye simu ya nani? Alijaribu kumweleza Mahrus kwa mdomo, naye akamkatiza. Alisema mengine yote watazungumza, ila hilo la baba waliache, na akakata simu.

Basi akaamua kungoja siku ya elfu. Siku elfu moja zikitimia tangu mtu afe, ndipo watu husoma hitima ya mwisho na jiwe la kudumu huwekwa kaburini. Jiwe la baba hubebwa na mwanawe. Wiki sita kabla, alimpigia Mahrus akamwambia aje, kuna kitu cha baba yake, atakiona mwenyewe.

"Kama ni cha kuona kwa macho, Mak," Mahrus akasema, "nitakuja."

Wakati huohuo mwaka wa bure wa Sanduku ukaisha. Likaanza kudai alipie. Lilijitandaza kioo kizima, likiondolewa linarudi, na ile programu ya virusi nayo inapiga kelele pembeni, mpaka kompyuta ikawa inachukua muda wa kupika wali kabla haijafunguka. Bu Muslikah akaogopa isije ikamfia mbele ya Mahrus. Akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwa Khoirul.

Khoirul alikuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya soko, na Kurani alifundishwa na Pak Sodikun. Akamwekea kiti, akafungua mashine, akacheka.

"Bu, humu mna wapangaji wengi kuliko nyumba za mjini Surabaya. Na wote wamejikaribisha wenyewe."

"Wafukuze, Rul. Mjane hakai na wageni asiowajua."

Akawatoa mmoja mmoja. Michezo ikaenda, duka likaenda, mpiga kelele wa virusi akabisha kidogo, naye akaenda. Kompyuta ikaanza kuchangamka. Akafika kwenye Sanduku, nalo likauliza kama vilivyomo navyo vifutwe. Khoirul hakuwa fundi wa kufuta asichokijua. Akalifungua.

Akauona mguu wa kitanda, na mwanamke mwenye nywele wazi. Hapohapo akaziba kioo kwa kiganja, uso akaugeuzia ukutani.

"Astaghfirullah. Bu, unisamehe. Ni picha za nyumbani. Sijatazama."

Bu Muslikah akajua kiganja kile kimeziba nini. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ushungi, ingawa ushungi ulikuwa mahali pake.

Khoirul, bado anautazama ukuta, akamuuliza kama zina nakala kwingine. Pembeni mwa kioo kulikuwa na alama ndogo yenye jina Bapak, yaani Baba, palepale Bu Muslikah alipozoea kuibofya kila anapotaka kumwona mumewe. Akamjibu kwamba nakala anayo, ile pale.

"Tuifungue kwanza, Bu, tuhakikishe?"

"Usifungue." Akasema kwa ukali zaidi kuliko alivyotaka. "Futa za Sanduku zote. Asizione mtu mwingine."

Angekuwa mteja mwingine, Khoirul angebishana. Lakini huyu alikuwa mke wa mwalimu wake, na yeye alikuwa ameshaona asichostahili kuona. Akamsogezea kompyuta bila kugeuka, akamwelekeza pa kubofya. Bu Muslikah akabofya mwenyewe.

Nyumbani, baada ya adhuhuri, aliibofya alama ya Bapak. Kioo kikawa cheupe, yakatokea maneno kwamba kitu hiki hakipo. Akabofya tena. Akaizima mashine, akasali rakaa mbili, akaiwasha, akabofya.

Khoirul alikaa nayo siku mbili. Alipoirudisha alikuwa na macho mekundu. Alama ile, akaeleza, ilikuwa kama kibao cha njiani, haina kitu ndani, inaelekeza tu. Sanduku halikuwa limenakili chochote. Lilikuwa limevichukua vitu vyenyewe. Na kompyuta hizi mpya, kikishafutwa kitu, hupasafisha pale kilipokuwa, hakuna pa kuchimba. Akalia pale barazani. Bu Muslikah hakulia. Alimletea chai, akamwambia kosa ni la wawili, na kwamba Mahrus keshakata tiketi.

Mahrus alifika siku mbili kabla ya hitima. Mvi zilikuwa zimemwingia mapema. Alikula, akanawa mikono, akakaa mkekani, akamwambia mama yake yuko tayari, amwonyeshe. Mama akamweleza yote, hakuficha hata zile nywele. Mahrus alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akaomba Khoirul aitwe.

"Ulimwona baba yangu mle?"

"Nilimwona Bu. Nikageuza uso, Cak," Khoirul akajibu, akimwita kaka.

"Baba hukumwona."

"Sikumwona."

"Wala sauti hukuisikia."

"Ningeangalia kidogo tu, Cak, ningekuwa shahidi wako leo."

"Ulifanya vizuri kugeuza uso," Mahrus akasema. "Ungekuwa umemkodolea mama yangu macho, tungekuwa na maneno mengine."

Asubuhi ya jiwe wanaume wanne walilibeba kutoka barabarani, Mahrus kwenye pembe ya mbele. Makaburi ya mtaa yamezungukwa na mfereji, na daraja lake ni la mbao tatu. Alipofika darajani alisimama, akamwita jirani, akampokeza pembe yake taratibu jiwe lisiyumbe. Wakaingia nalo. Yeye akabaki upande wa barabara.

Bu Muslikah alikuwa ameshaingia. Akatoka tena, akasimama naye. Ndani waliwasikia watu wakielekezana, inua, shusha, kidogo kushoto.

"Alisemaje, Mak? Maneno yake yenyewe."

Alikuwa ameitazama video ile mara zisizohesabika. "Alisema, Mahrus, mwanangu, nimekuridhia. Njoo kwangu, usiogope."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mama anayembembeleza mtoto ale. Pak Sodikun hakuwa na sauti ile. Je, alisema usiogope? Jana angeapa kwamba alisema.

"Baba hajawahi kuniita mwanangu," Mahrus akasema.

"Siku ile alikuita."

"Sawa, Mak."

Hakusema kwa hasira. Ndani imamu alikuwa ameanza Yasini. Mahrus akamshika mama yake kiwiko, akamwongoza juu ya zile mbao ili asiteleze, akanyoosha mkono hadi ulipofika mwisho. Ukamwachia. Bu Muslikah akavuka, na alipogeuka mwanawe alikuwa ameshapiga magoti kwenye majani ya kando ya barabara, viganja wazi, anaitikia dua kutoka ng'ambo.